Seli za Glia Baada ya Kuzaliwa: Nani Hutoka Wapi, na Lini

Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa gramu 350 hadi 400 hivi. Wa mtu mzima hufikia gramu 1,300 au 1,400. Nyuroni mpya, yaani seli za kupeleka ishara, hazielezi ongezeko hilo, kwa sababu karibu nyuroni zote za gamba la ubongo huwa zimeshapatikana mama akiwa bado mjamzito. Kinachoongezeka ni matawi ya nyuroni hizo, mishipa ya damu, na kwa sehemu kubwa seli za glia, yaani seli saidizi za ubongo, pamoja na mayelini, ile ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva. Kwa panya wakubwa wa maabara hesabu iko wazi zaidi: siku ya kuzaliwa, seli zisizo nyuroni ni chini ya kumi kwa mia ya seli zote za ubongo, wiki tatu baadaye zinakaribia nusu.

Nusu, si mara kumi. Kwa miongo mingi vitabu vilirudia kwamba ubongo wa binadamu una glia kumi kwa kila nyuroni moja, na bado kuna wanaoliandika hilo. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil, miongoni mwao Suzana Herculano-Houzel na Roberto Lent, walisaga ubongo mzima hadi ukawa kimiminika cha viini vya seli, wakavihesabu. Walipata nyuroni bilioni 86 na seli nyingine bilioni 85, na hizo bilioni 85 si glia peke yake, kwa kuwa zimo pia seli za mishipa ya damu. Wastani huo nao unaficha mengi. Serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, ina nyuroni bilioni 69 dhidi ya seli nyingine bilioni 16. Kwenye gamba pamoja na mada nyeupe iliyo chini yake mambo yanageuka: nyuroni bilioni 16 dhidi ya seli nyingine bilioni 61.

Ugumu wa somo hili unatokana na jina lenyewe kukusanya seli zisizofanana asili. Astrosaiti, zinazohudumia sinapsi (maungio kati ya nyuroni), na oligodendrosaiti, zinazotengeneza mayelini, ni watoto wa tishu ileile iliyozaa nyuroni. Mikroglia, seli za kinga za ubongo, ni wageni waliotoka nje ya ubongo kabisa. Kila kundi lina njia yake ya kuongezeka na ratiba yake, na ratiba hizo ndizo zinazoamua kwamba ajali ileile, tuseme kukosa oksijeni, inaharibu kitu kimoja ikitokea wiki ya 28 ya mimba na kitu kingine ikitokea mtoto akiwa ametimiza miezi yake.

Kugeuka kutoka nyuroni kwenda glia

Seli mama huitwa glia radiali. Zimejipanga kwenye kuta za ventrikali, yaani vyumba vya maji vya ubongo, na kila moja ina mguu mrefu unaopanda hadi juu ya gamba. Kwa panya mdogo wa maabara, ambaye mimba yake ni siku 19 hivi, seli hizi huzaa nyuroni za gamba kuanzia siku ya 11 hadi ya 17. Baada ya hapo zinageuka na kuanza kuzaa glia.

Kinachozigeuza ni nyuroni zenyewe. Nyuroni changa hutoa protini iitwayo kadiotrofini-1, ambayo hushika kipokezi kwenye glia radiali na kuwasha njia ya ishara ya JAK-STAT. Mwisho wa njia hiyo ni protini STAT3, inayotakiwa kukaa juu ya jeni za astrosaiti na kuziamsha. Kadiri nyuroni zinavyozidi, ndivyo ishara ya kuacha kuzaa nyuroni inavyopata nguvu.

Ila ishara hiyo isingefaa kusikika mapema, ndiyo maana kuna kufuli mbili. Ya kwanza iko kwenye DNA: mahali STAT3 inapopaswa kukaa kwenye GFAP, mojawapo ya jeni za astrosaiti, pamebanwa na kikundi cha methili, na STAT3 haishiki hapo. Ya pili ni nyurojenini-1, protini ya kuzalisha nyuroni, ambayo huwachukua wasaidizi wa STAT3 na kuwatumia kwa kazi yake. Kufuli zote mbili hulegea kuelekea mwisho wa mimba, methili ikiondolewa kwa msaada wa ishara ya Notch na protini NFIA. Ukimwagia seli za siku ya 11 kichocheo cha kutengeneza astrosaiti, hazitii. Zile za siku ya 18 hutii.

Baada ya kuzaliwa, glia radiali nyingi huachia ukuta wa ventrikali na kugeuka astrosaiti. Chache hubaki na sura ya zamani maisha yote. Mojawapo ni glia za Bergmann katika serebelamu, ambazo panya akiwa katika wiki tatu za kwanza huwa ngazi ya kuteremkia nyuroni changa za punje, kwani serebelamu, tofauti na gamba, bado inaendelea kupata nyuroni baada ya kuzaliwa. Glia radiali nyingine huwa seli za ependima, zinazopaka kuta za ventrikali na kuota vinyweleo vya kusukuma maji ya ubongo. Vinyweleo hivyo vikishindwa kukua, panya hupata kichwa maji.

Astrosaiti hugawanyika papo hapo zilipo

Ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba astrosaiti zote huhama kutoka ukanda wa chini ya ventrikali hadi zinapoishi. Wapo wahamiaji, ndiyo, lakini ni waanzilishi tu. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba karibu nusu ya astrosaiti za gamba la panya zinatokana na astrosaiti nyingine zilizokwisha kukaa mahali pake, zenye matawi na miguu iliyoshika mishipa ya damu, ambazo zinagawanyika mara mbili sawasawa. Katika wiki tatu za kwanza idadi yao hupanda mara sita hadi nane, kisha mgawanyiko karibu unakoma. Kwa hiyo astrosaiti jirani mara nyingi ni ndugu wa damu moja.

Idadi ikishapatikana, kazi kubwa zaidi ni umbo. Mwisho wa wiki ya kwanza astrosaiti ya panya ina nyuzi chache ndefu zinazoingiliana na za jirani ovyo. Wiki ya pili matawi huzidi na kugawanyika. Kufikia wiki ya tatu na ya nne seli nzima imekuwa kama sifongo, yenye vijitando vyembamba visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, na mipaka imeshachorwa: kila astrosaiti na eneo lake, zikigusana na kuingiliana ukingoni tu. Ndani ya eneo la astrosaiti moja ya panya zimo sinapsi kama 100,000. Ya binadamu, ambayo kipenyo chake ni zaidi ya mara mbili na nusu, inakadiriwa kuhudumia sinapsi 270,000 hadi milioni 2.

Vifaa vya kazi navyo haviji kwa pamoja. Kisafirishaji cha glutameti, kemikali ya ishara ya nyuroni, kiitwacho GLAST kipo mapema. Kile chenye nguvu zaidi, GLT-1, hupanda baada ya kuzaliwa. Mfereji wa potasiamu Kir4.1 huongezeka katika wiki hizohizo. Koneksini-30, inayounganisha astrosaiti moja na nyingine, huchelewa hadi wiki ya pili au ya tatu. Astrosaiti ya siku tano, hata ikipakwa rangi na kuonekana ni astrosaiti, haiwezi bado kusafisha glutameti na potasiamu kwa kasi ya ile ya mwezi mmoja.

Wakati huohuo seli hizi zinajenga sinapsi. Nyuroni za retina zikioteshwa peke yake huishi vizuri lakini hufanya sinapsi chache. Zikipewa maji ambamo astrosaiti zilioteshwa, sinapsi huongezeka mara kadhaa. Ndani ya maji hayo, maabara ya Ben Barres huko Stanford iliitambua thrombospondini mwaka 2005. Thrombospondini-1 na -2 hutolewa kwa wingi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua. Sinapsi zinazojengwa nazo zina umbo kamili lakini ziko kimya, kwa sababu upande wa kupokea hauna vipokezi vya glutameti vya aina ya AMPA vya kutosha. Vipokezi hivyo huletwa kwa msaada wa protini nyingine za astrosaiti, glipikani-4 na -6. Na astrosaiti zilezile hula sinapsi zisizotakiwa, zikitumia vipokezi MEGF10 na MERTK. Kujenga na kubomoa hufanywa na seli moja, kwa hiyo ukizima jeni moja ya astrosaiti usitegemee jibu la upande mmoja.

Oligodendrosaiti: mawimbi matatu, na wengi hufa

Seli tangulizi za oligodendrosaiti huingia ubongo wa mbele wa panya kwa mawimbi matatu. La kwanza hutoka chini, eneo lenye jeni Nkx2.1, siku ya 12 hivi ya mimba. La pili hutoka eneo la Gsx2 siku tatu baadaye. La tatu hutoka kwenye gamba lenyewe, eneo la Emx1, karibu na kuzaliwa. Wale wa wimbi la kwanza karibu wote hutoweka panya akikua. Watafiti wakiliua wimbi lolote moja, mengine hujaza nafasi na panya anapata mayelini ya kutosha. Huo ni uthibitisho mzuri kwamba idadi haipangwi na chanzo, inapangwa na nafasi iliyopo.

Nafasi yenyewe hulindwa kwa ukali. Kila seli tangulizi husukumana na jirani zake kwa vijinyuzi vyake, hivyo zinaenea kwa umbali unaokaribia kuwa sawa. Moja ikifa au ikikomaa, jirani hugawanyika kuziba pengo. Chakula chao cha kugawanyika ni PDGF-A, wanayoipokea kwa kipokezi PDGFRα. Hawatoweki hata ubongo ukikomaa: karibu asilimia 5 ya seli za ubongo wa mtu mzima ni hizi, na nyingine hupokea sinapsi halisi kutoka kwa nyuroni.

Kukomaa ni hatua zenye mwisho mkali. Seli tangulizi huacha kugawanyika, huota matawi mengi, kisha huanza kugusa aksoni, yaani nyuzi ndefu za nyuroni. Ina muda mfupi wa kuamua. Katika samaki wa pundamilia, muda wa oligodendrosaiti moja kuanzisha ala zake mpya ni saa tano tu. Kwa seli za panya mkubwa zilizooteshwa ni kama saa 12. Isiyopata aksoni hufa. Katika neva ya macho ya panya mkubwa, karibu nusu ya oligodendrosaiti zinazozaliwa hufa kwa njia hiyo. Hivyo ukihesabu seli changa peke yake utakadiria kupita kiasi mayelini itakayopatikana.

Zilizofaulu hutengeneza ala 20 hadi 60 kila moja. Utando hujizungusha kwenye aksoni kwa kupenya chini ya tabaka lililotangulia, si kwa kujiviringisha juu yake. Hapo protini MBP inaingia kazini. Ujumbe wake wa RNA husafirishwa hadi ncha ya tawi na protini kutengenezwa hukohuko, ikabana tando mbili pamoja na kufukuza maji ya seli katikati yake. Panya aitwaye *shiverer* amekosa sehemu kubwa ya jeni hiyo. Ala zake ni chache na hazibanani. Kuanzia wiki ya pili hivi, umri ule mayelini inapotakiwa kuonekana, anaanza kutetemeka anapotembea, baadaye anapata degedege, na hufa akiwa na miezi michache.

Mpangilio wa mahali ni uleule kwa mamalia wengi: uti wa mgongo na shina la ubongo kwanza, gamba la mbele mwisho. Kwa panya mdogo neva ya macho huanza siku ya 6 au 7 baada ya kuzaliwa, na daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo hufuata wiki ya pili. Kwa binadamu kazi huanza kabla ya kuzaliwa, na MRI ya mtoto aliyetimiza miezi inaonyesha mayelini kwenye kapsuli ya ndani, njia kuu ya nyuzi za neva, upande wa nyuma. Sehemu za mbele huendelea hadi muongo wa tatu wa maisha. Hata hivyo, idadi ya oligodendrosaiti kwenye daraja hilo, kwa vipimo vya kaboni-14 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, hukamilika kufikia miaka mitano hivi, na baada ya hapo ni moja tu kati ya 300 inayobadilishwa kwa mwaka. Kinachoendelea kubadilika kwa miaka inayofuata ni mayelini yenyewe.

Matumizi ya ubongo nayo yana sauti katika hilo. Mwaka 2012 panya waliotengwa peke yao kwa wiki mbili, siku ya 21 hadi ya 35, walibaki na oligodendrosaiti zenye matawi machache na mayelini nyembamba kwenye gamba la mbele, na kurudishwa kwa wenzao hakukurekebisha. Waliotengwa baada ya siku ya 35 hawakupata hitilafu hiyo.

Mikroglia: wageni wanaozidi kisha kupungua

Mikroglia hutoka kwenye kifuko cha yoki na kufika kwenye ubongo wa panya karibu siku ya 10 ya mimba, kabla ya astrosaiti ya kwanza kuwapo. Baada ya hapo hujizalisha zenyewe bila kutegemea uboho. Uhai wao unategemea kipokezi CSF1R. Kwa panya, idadi hupanda hadi wiki ya pili baada ya kuzaliwa, halafu karibu nusu hutoweka kati ya wiki ya tatu na ya sita. Upungufu huo ni wa kawaida. Anayelinganisha panya wa siku 14 na wa siku 42 asidhani dawa yake imeua mikroglia.

Katika wiki ya kwanza hujazana kwenye mada nyeupe changa, zikiwa za duara na zenye ulafi. Pío del Río-Hortega, aliyezitambulisha rasmi mwaka 1919, aliyaona makundi hayo. Leo inajulikana kwamba hutoa IGF-1 inayosaidia oligodendrosaiti. Kwenye kituo cha kuona cha thalamasi, siku ya 5 hivi, humeza sinapsi zilizotiwa alama na protini za kinga C1q na C3. Kazi hiyo ya kula sinapsi ndiyo iliyopata umaarufu, pengine kupita ushahidi wake. Panya waliofanyiwa mabadiliko ya jeni wasiwe na mikroglia wanaishi, na mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba mayelini yao hutengenezwa. Inapokosea ni katika kutunzwa, kwani hunenepa kupita kiasi kisha huharibika.

Ratiba inapovurugwa

Watoto njiti wa wiki 23 hadi 32 wanazaliwa wakati mada nyeupe imejaa oligodendrosaiti ambazo hazijaanza kuzungushia aksoni. Hatua hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote: seli hizo zina kinga ndogo dhidi ya sumu za oksijeni na zina vipokezi vingi vya glutameti. Damu ikipungua au maambukizi yakiingia, nyingi hufa. Seli tangulizi hugawanyika kuzifidia, idadi inarudi, lakini seli mpya hukwama bila kukomaa. Mtoto anakuwa na seli za kutosha na mayelini pungufu, njia mojawapo ya kufikia mtindio wa ubongo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kukosa oksijeni hupiga zaidi nyuroni za ndani ya ubongo.

Homoni ya thairoidi ni sehemu ya saa inayoiambia seli tangulizi iache kugawanyika na ikomae. Ikikosekana, mayelini huchelewa na kupungua. Ndiyo sababu katika nchi kadhaa damu ya kisigino ya mtoto hupimwa siku chache baada ya kuzaliwa, na tiba hutakiwa kuanza ndani ya wiki mbili. Upungufu wa madini ya chuma nao hugonga oligodendrosaiti, kwa kuwa vimeng'enya vya kutengeneza mafuta ya mayelini vinayahitaji.

Makosa ya kawaida maabarani

GFAP si alama ya astrosaiti zote. Kwenye mada ya kijivu ya gamba la panya mwenye afya, nyingi hazipakwi rangi nayo, na baada ya jeraha huonekana ghafla kana kwamba zimezaliwa. Kuhesabu kwa alama za Aldh1l1 au Sox9 kunaaminika zaidi, huku ukikumbuka kwamba Sox9 imo pia ndani ya seli shina. Panya wa hGFAP-Cre nao hupotosha: kimeng'enya Cre, kinachotumika kubadilisha jeni ndani ya seli, huwaka kwenye glia radiali tangu katikati ya mimba, kwa hiyo nyuroni nyingi hubadilishwa pia. Tumia Aldh1l1-CreERT2 na umpe panya tamoksifeni, dawa ya kuwasha Cre, baada ya kuzaliwa.

Njia ya kuotesha ya mwaka 1980 bado ndiyo nafuu: gamba la panya wa siku 1 au 2, siku 7 hadi 10 kwenye chupa yenye seramu, kisha kutikisa. Saa ya kwanza hung'oa mikroglia, usiku mzima kwa mizunguko 200 hivi kwa dakika hung'oa seli tangulizi za oligodendrosaiti, na astrosaiti hubaki chini. Udhaifu wake ni seramu. Astrosaiti huwa bapa, huendelea kugawanyika na hufanana na zilizojeruhiwa. Kuzichuja kwa kingamwili na kuzilisha HBEGF bila seramu huzipa matawi, ila gharama ni kubwa na mavuno ni machache.

Na kuna umri. Vipande vingi vya ubongo hukatwa kutoka kwa panya wa wiki mbili kwa sababu nyuroni zao huvumilia kisu. Kipokezi cha glutameti mGluR5 cha astrosaiti, kilichobeba nadharia nzima ya mawasiliano ya glia na nyuroni, kipo katika umri huo na hupungua sana baada ya wiki ya tatu, jambo lililobainika mwaka 2013. Vilevile mada nyeupe ya panya mkubwa wa siku 2 hulinganishwa na ya mtoto njiti, na ya siku 7 hadi 10 na ya mtoto aliyetimiza miezi, lakini gamba na serebelamu havifuati mlingano huohuo. Kwenye ripoti andika siku, jamii ya panya na eneo lililokatwa. Neno "mchanga" peke yake halimsaidii anayetaka kurudia jaribio.